Nilimtengenezea Mkwe Jiko, Sasa Naozeshwa Shemeji

Mhariri, jina langu lifiche na mtaa usiutaje. Sema Temeke tu, inatosha.

Mie mgane. Umri wangu sijui hasa, mama alisema nilizaliwa vita vya Mjerumani vikiisha. Kuli bandarini. Kwetu Songea. Shule nilisoma kidogo, mtanisamehe mwandiko. Mke wangu alikufa mwaka jana kwa homa, kaniachia mabinti wawili. Nakaa nyumba ya ukoo wao, maana nilikuja mgeni sina pangu, wakanioza na chumba wakanipa. Mkwe wangu, mama yake marehemu, yumo humo humo. Nyumba kongwe, mkwe kazaliwa humo.

Jiko liko uani. Lilikuwa banda la miti na udongo, makuti yameshuka mpaka unaingia umeinama kama unaingia banda la kuku. Moshi hauna pa kutokea. Mkwe akipika analia, na tangu afiwe na mwanawe hujui analia moshi au analia msiba. Macho mekundu, mgongo hauinuki. Niliona vibaya. Fundi sina cha kumpa, nikasema nitafanya mwenyewe, jioni nikitoka kazini.

Sasa sie na wakwe hatuzungumzi uso kwa uso. Ni heshima. Akipita, mie natazama pembeni. Neno langu nampa binti yangu mkubwa, analipeleka kwa bibi yake, analeta jibu. Nikamtuma aseme nataka kulitengeneza jiko. Jibu likaja kwamba vizuri, Mungu anilipe. Nikaanza.

Nikabomoa ukuta ulioliwa na mchwa. Nikachimbia miti mipya, nikafunga fito, nikakandika kwa udongo wa kichuguu. Paa nikaezeka kwa madebe niliyoyakunjua kwa nyundo, nikaacha tundu la moshi. Ndani nikajenga kibaraza cha mawe cha kufika kiunoni, mkwe apike amesimama. Ili nikijenge ikabidi niyatoe mafiga. Meusi, mazito. Nikayabeba mwenyewe nikayaweka nje, nilipomaliza nikayapandisha juu ya kibaraza. Hapo ndipo nilipojifunga.

Kwetu mawe ni mawe. Kwa watu hawa sivyo. Mwanamke akifa, mafiga yake mume hayagusi. Anayaondoa mama yake au dada yake. Mume akiyabeba akayaweka mahali papya, maana yake anasema huzuni nimeitua, nipeni mwingine katika nyumba hii hii. Nimekaa nao miaka yote hiyo sikujua, maana nilikuwa sijafiwa.

Mkwe akamwita kaka yake, yaani mjomba wa marehemu, ndiye mwenye kauli katika ukoo. Akaja na wazee wenzake. Wakala, wakaingia jikoni, wakagonga gonga ukuta. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, umesema kiume. Wengine hutuma watu, wewe umejenga."

Nikadhani anausifu ukuta. Nikasema ahsante sana mjomba. Wazee wakacheka, wakainua mikono, wakasoma Fatiha. Na mie nikaitikia amina. Ndipo nikauliza kuna nini.

Wananipa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Nilimkuta kitoto kinaniletea maji ya kuoga. Kwangu huyo ni mwanangu. Alikuja kuliangalia jiko, akashika kiuno. Akasema, "Shemeji, yaani hapa mtu anapika kasimama kama askari wa zamu?" Tukacheka kidogo. Halafu akasema taratibu kwamba yeye ana mtu wake, fundi cherehani, na kwamba mie ndiye mwanamume, niseme sitaki.

Nikaenda kwa mjomba. Nikamweleza nilikuwa natoa moshi tu, sina nia ya mke. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali.

"Basi kama huoi," akasema, "umemtoa marehemu mwanetu nyumbani kwake kwa mikono yako. Mtu wa hivyo hatukai naye. Utaondoka na mkeka wako. Watoto utawaacha, watoto kwetu ni wa mama."

Si ukatili. Ndiyo mila yao, hata jirani nikimuuliza atasema hivyo hivyo. Nikamweleza shemeji. Nikamwambia basi akatae yeye. Akasema, "Nikiipinga kauli ya mjomba na mie nafukuzwa. Mama amezika mmoja. Akinikosa na mie katika nyumba hii, shemeji, utamzika na yeye. Tumo mtegoni sote wawili."

Na mkwe ndiye anayenimaliza. Tangu Fatiha ile amekuwa mtu mwingine. Anapika kasimama, macho yameanza kutakata. Juzi nilikuwa nanawa uani, nikasikia sauti yake. Yeye mwenyewe, kanipa mgongo, uso kauelekeza kwenye chungu. "Baba, jiko hili marehemu angelipenda." Sijawahi kuambiwa neno na mkwe wangu. Nikaingia chumbani nikalia.

Kilichobaki ni mlango. Mjomba kasema siku nitakapoutia ndiyo siku ya ndoa, na pilau lipikwe humo humo. Bawaba ninazo, mbao ninazo. Kazi ya jioni moja tu. Nikawaambia mbao mbichi, zikauke kwanza. Sasa zimekauka, zimeegemea ukuta, kila anayepita anaziona na mie naona anavyonitazama. Bandarini nabeba magunia kutwa, sichoki kama ninavyochoka nikiingia ua ule.

Wasomaji, hasa nyie mlioolea kwenye ukoo wa watu. Niutie mlango nimwoe mtoto niliyemlea, au nisiutie niwakose watoto niliowazaa? Niambieni la kufanya, tena upesi. Mawingu yameshaanza kujikusanya, na jiko bila mlango mkwe atalowa.