Dairekta Anayechukia Vita

Dairekta wetu anachukia vita kuliko mtu yeyote Ujerumani, ndiyo maana anatengeneza filamu ya kuilaani. Anasimama jukwaani chini ya turubai, hita ya gesi miguuni, kikombe cha supu ya dengu mkononi, anapayuka kwenye kipaza sauti: "Vita ni unyama, wanangu! Haya, rudini handakini!" Sisi wanawe, waigizaji wake, tumevaa magwanda ya askari wa enzi za mababu zetu, na maji ya Novemba yametufika magotini. Tukifa vizuri analia kweli, anajifuta kwa skafu yake ya sufu, halafu anasema, "Tena."

Jana mwenzangu Hauke alikuwa anagonga meno. "Bosi, miguu siisikii."

"Safi sana! Hata wale askari wa kweli walikuwa hawaisikii. Kaa nayo hiyo!"

Filimbi ikalia, tukatoka mbio, Hauke akaanguka hata baruti haijalipuka.

"Nani kamwambia yule afe? Zamu yake bado!"

"Kazimia kweli, bosi! Midomo imemgeuka bluu!"

Dairekta akatengeneza kidirisha kwa vidole vyake, akamchungulia Hauke humo, machozi yakaanza kumtiririka. "Msimguse kwanza," akanong'ona kwenye kipaza sauti. "Kamera."

Tukambeba Hauke, tukapita naye mbele ya kamera, moja kwa moja hadi kwenye ile hita. Dairekta akaruka juu, supu ikamwagika.

"Rudini! Nani kawaruhusu kukimbia vita?"