Mwalimu Saado na Sauti ya P

Saado Keynan alikuwa mwalimu wa chekechea katika mtaa wa Donholm, Nairobi, na watoto walimpenda. Asubuhi walimkimbilia langoni wakining'inia kwenye buibui lake. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikulia katika nyumba ya Kisomali, na Kisomali hakina sauti ya P. Basi pencil kwake ilikuwa bensil, na watoto wadogo humwiga mwalimu wao kama kasuku.

Siku moja Mama Ndindi, mzazi wa mtoto mmoja darasani, alikuja kumwona mwalimu mkuu, Madam Nerima.

"Madam, mtoto wangu siku hizi anasema bensil. Nikimsahihisha ananiambia Teacher Saado ndiye anajua."

Saado alikuwa karibu na mlango. Alisikia kila neno. Nerima hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba muhula ujao angempa michezo na kuchora, Kiingereza kifundishwe na mtu mwingine. Saado akajibu sawa, kisha akajifungia chooni akalia.

Jioni alikutana ngazini na jirani yake wa ghorofa ya chini, Rispa Omolo, ambaye watu walimwita Mama Sylvance. Rispa alikuwa mwalimu mstaafu. Alifundisha katika mtaa wa Makongeni mpaka nywele zikaota mvi. Alipoyaona macho ya Saado alimvuta ndani, akamwekea chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna aliyekuonyesha P inatoka wapi," alisema. "Sasa utalaumiwaje?"

Akachana ukanda wa gazeti, akaushika mbele ya midomo ya Saado. "Sema baba." Ukanda haukutikisika. "Sasa funga midomo, zuia pumzi, halafu iachilie kama unayezima mshumaa. Sema papa."

Ikatoka baba. Ikatoka baba tena, na tena, mpaka Saado akaona haya. Kisha ghafla ukanda ukaruka.

"Papa," alisema, na wote wawili wakacheka, kwa kuwa baba amegeuka samaki.

Tangu hapo Saado akawa anashuka kila siku baada ya swala ya alasiri. Jioni moja Rispa alimpa neno push alirudie. Lakini Rispa alikulia katika Kijaluo, kisicho na sauti ya sh, na kinywani mwake neno lilitoka pus. Saado akasita.

"Mama Sylvance, unisamehe. Nadhani mwisho wake ni sh."

Rispa alilirudia neno, akajisikiliza. "Maisha yangu yote darasani, na ni wewe wa kwanza kuniambia. Wengine walicheka tu pembeni. Kanisani wakinipa somo la Kiingereza nasingizia kwamba nimesahau miwani."

"Kwetu mtoto akilia tunamwambia shhh," Saado alisema. "Rudisha ulimi nyuma kidogo, midomo itangulie."

Ikawa mwalimu na mwanafunzi wanabadilishana viti.

Muhula ulipokaribia kwisha, Saado alimwomba Nerima aje kuketi nyuma ya darasa. Aliinua penseli juu, akalitamka neno taratibu, kwa P: pencil. Ndindi akainua mkono.

"Teacher, umekosea. Ni bensil."

Darasa likamtazama mwalimu. Saado alipiga magoti akawa kimo kimoja na mtoto. "Zamani ndivyo nilivyosema, Ndindi. Nilikuwa sijajua. Nimefundishwa, na sasa nawafundisha nyinyi. Weka kiganja mbele ya mdomo, usikie upepo."

Watoto wote wakapuliza viganja vyao, wakilirudia neno. Nerima aliinuka, akamwita Saado nje, akamwambia, "Hilo darasa ni lako, Mwalimu."

Siku ya Idd Saado alipeleka sambusa ghorofa ya chini. Rispa akamsimulia kwamba Jumapili alikuwa amesoma kanisani, somo lenye neno shepherd ndani yake, na hakuliruka. Saado alipoanza kumshukuru, Rispa alimkatiza: "Tumeshukuriana, binti yangu. Kula."

Lafudhi ya nyumbani Saado bado anayo, na haimsumbui. Akimaliza kuwaombea wazazi wake katika dua, humtaja Rispa kwa jina.