Muhula Niliomshikia Madam Kemunto Vipindi

Siku ya kwanza nilifika shuleni, nje kidogo ya soko la Nyaramba, kabla mlinzi hajafungua lango. Andalio la somo, yaani mpango wa dakika arobaini za kipindi, nilikuwa nimeliandika mara tatu. Mwalimu mkuu aliniambia nitafundisha Kiingereza kidato cha pili hadi Madam Kemunto arudi kutoka likizo ya uzazi. Nilisikia nitafundisha, hiyo "hadi" niliiacha ofisini kwake.

Wiki ya sita, mkuu wa idara ya lugha alisema atakuja kukagua kipindi changu. Bodi ya shule ilikuwa na nafasi moja ya kuajiri mwalimu, na neno lake lilikuwa na uzito.

Azimio la kazi, ratiba ya mada za muhula, lilisema siku ya ukaguzi ni kitenzi "help out". Nilijaza ubao maana nne na tahadhari zake. Wanafunzi walinakili kimya.

"Mwalimu," mkuu wa idara alisema kutoka nyuma, "kwenu ni nani huwafanyia hivyo?"

Niliweka chaki chini. Nikawaeleza kwamba Jumapili tukienda misa, jirani yetu Msabato hutuangalizia ng'ombe. Jumamosi sisi huangalia wake. Hapangi ng'ombe auzwe lini, na tukirudi anakwenda zake. Unamsaidia aliyezidiwa, kazi inabaki yake.

Mikono ikainuka. Wa kwanza alitaja shangazi yake na mavuno ya majani chai. Wa pili akauliza, "Na wewe, Mwalimu, si unam-help out Madam Kemunto?"

Darasa likacheka. Nilisema sentensi ni sahihi, nikaiandika ubaoni.

Nje, mkuu wa idara alinisifu, kisha akaniambia nafasi ile imekwenda kwa somo la hesabu, ambayo haikuwa na mwalimu kabisa. "Usikae ukitafuta ulikosea wapi. Nimeshakujua."

Nilitafuta, hata hivyo, mpaka muhula ukaisha na nikamkabidhi Madam Kemunto darasa lake, kila daftari likiwa limesahihishwa.

Ninyi mnaotoka chuoni, ile "hadi" isikieni mapema. Mimi sasa nachuma chai nyumbani na kutuma maombi ya kazi. Juzi Madam alinipigia: mtoto ana homa, je, naweza kumshikia vipindi viwili?

Safari hii andalio nililiandika mara moja tu.