Ubao Uliolika kwa Ndani

Sufiani hakuwa mtu wa kutulia. Alianza kwa kulima karoti na mama yake huko juu Bigwa, akaacha akawa kondakta, akaacha akajifunza kupaka rangi magari. Hata sasa, akiwa fundi wa kuunga bampa za faiba anayetegemewa na madereva wa mabasi nyuma ya stendi ya Msamvu, alifanya kazi na kula amesimama. Kiti cha gereji kilikuwa cha wateja.

Rahel alipomletea ule ubao alifurahi, kwa sababu tu haukuwa bampa. Rahel alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli ya ufukweni Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani kumuuguza mama yake. Hotelini ndiko alikojifunza kusimama juu ya ubao mrefu majini na kuusukuma kwa kafi, na alipoondoka walimpa mmoja wa zamani. Kila mama akishakunywa uji, alikwenda Mikese kuzunguka nao kwenye bwawa la samaki la mjomba wake. Sasa kamba ilikuwa imekatika juu ya gari, ubao ukaangukia lami, ukapasuka mkiani.

"Nisipoingia majini, nyumbani nagombana na kila mtu," alisema. "Utaweza?"

"Dada yangu, nimeunga bampa zilizogawanyika vipande viwili. Njoo keshokutwa."

Alipiga msasa ule ufa, akakata kitambaa cha faiba, akachanganya gundi ileile ya mabasi, akamimina. Gundi ikaanza kuzama, kana kwamba kuna mtu chini anainywa. Akaongeza, nayo ikazama. Alipobonyeza kwa kidole, ganda la ubao likaingia ndani. Humo mlikuwa na povu gumu jeupe, kama lile linalofungashiwa televisheni, na gundi ilikuwa inaliyeyusha. Ufa wa kupitisha kadi ukawa shimo la kuingiza ngumi mbili.

Aliufunika ubao kwa turubai, akatoka. Akaenda sokoni kwenye meza ya mkewe, Shadia, akasimama, akashika nyanya, akairudisha, akaondoka bila kusema. Gerejini alifunua turubai. Shimo lilikuwepo. Akarudi sokoni.

"Una nini leo?" Shadia aliuliza. "Unanizungukia kama mkaguzi."

Akamweleza. "Naweza kumwambia ulikuja umeshalika. Ndani hajawahi kupaona."

"Na uso wako je, hatauona? Wewe hata kukaa kwenye kiti huwezi, kudanganya utakuweza wapi?"

Akampigia Rahel simu palepale, kabla hajabadili mawazo. Rahel alipofika gerejini, aliingiza mkono kwenye shimo, akautoa, akajifuta kwenye gauni.

"Nilikuuliza kama utaweza."

"Uliniuliza."

"Ungesema tu hujawahi."

"Sijawahi, dada. Nimekuharibia. Nipe nafasi niutengeneze."

Rahel alikaa kwenye kiti cha wateja na kutazama mabasi yakitoka. Lakini alipoondoka, ubao aliuacha.

Sufiani alikwenda kwa Ernest, fundi wa kumimina sakafu zile za kung'aa. "Gundi yako inakula povu," Ernest alisema. "Hii yangu ya epoksi haili. Ila usiniamini mimi, ijaribu kwanza." Sufiani akamwaga kidogo kwenye kipande cha povu la televisheni, akakizunguka mpaka kikakauka. Hakikulika. Ndipo alipokata sehemu yote iliyolika, akachonga povu jipya kuziba pengo, akaligandisha, akaweka faiba juu.

Kilichomshinda ni kusubiri. Mawingu ya milima ya Uluguru yalikuwa yameshuka, manyunyu hayakatiki, na epoksi ilikuwa inakauka polepole. Kila alipoigusa aliacha alama ya kidole, akalazimika kulainisha, kisha akagusa tena. Mwishowe alifunga gereji akampa Shadia ufunguo. "Nikikuomba, usinipe."

Siku ya kuujaribu, kwenye bwawa la Mikese, Rahel alipanda juu ya ubao bila kumtazama, akasimama, akapiga kafi. Sufiani alimfuata ukingoni, anakwenda na kurudi, akitafuta mapovu ya hewa mkiani.

"Unaingiza maji?"

"Hauingizi. Unavuta kushoto."

"Nimezidisha faiba upande huo. Uurudishe, niuparue kidogo."

Rahel alipiga kafi upande wa kushoto, mara ya pili, mara ya tatu, na ubao ukanyooka. Mabega yake yaliyokuwa yamekaza yakashuka.

"Uache hivyo," alisema. "Nitauzoea."

Sufiani alivua viatu akaingia majini hadi magotini, macho yakiwa bado mkiani mwa ubao. "Dada, pita hapa tena niuone," aliita. Lakini Rahel alishavuka katikati ya bwawa, na hakugeuka.