Kiatu cha Mgeni Rasmi Kwenye Chokaa

Kwa miaka kumi na tisa Opereta alikuwa analipwa kusema uongo, na aliusema vizuri. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za hospitali, katika chumba kidogo chini ya ngazi ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Simu yoyote iliyoingia ilipita kwake kwanza. Daktari mkuu akiwa hataki usumbufu, alimpigia kutoka juu na kumwambia, "Leo sipo." Basi hayupo. Katibu naye yuko kwenye kikao, ingawa Opereta alimsikia kwa masikio yake mwenyewe akicheka koridoni huku akitafuna kitu. Hakumheshimu hata mmoja wao. Surua ilimpofusha akiwa na miaka sita, na watu walidhani kwamba asiyeona huwa hana ubaya moyoni. Wapi! Yeye aliwasikia wakubwa wakivuta pumzi kabla ya kudanganya, na aliwadharau pumzi kwa pumzi.

Waliomkera kuliko wote ni wapigaji wa nje walioanza na swali: "Unajua unaongea na nani?" Jibu lake lilikuwa lile lile miaka yote. "Sijui. Taja jina, na useme unamtaka nani."

Lakini saa kumi ikigonga, alivua kipokea sauti, akachukua fimbo yake na kwenda uwanjani kuruka. Ndiyo, kuruka chini, kukimbia na kujirusha mbali kwenye shimo la mchanga, mwanamke wa miaka thelathini na minane. Majirani walisikitika. Mmoja alimuuliza kama hawezi kutafuta jambo la kukaa. Alimjibu kwamba kukaa anakaa saa nane kila siku, na hakujamletea hata pongezi.

Aliyemwezesha ni wifi yake, mke wa kaka yake, fundi cherehani ambaye hakuwahi kuonekana bila futi shingoni, hata msibani. Nyumbani hawa wawili walinuniana kwa sababu ya sufuria na zamu ya kupiga deki. Uwanjani walikuwa mtu mmoja. Wifi alisimama kando ya mchanga, akapiga makofi na kuita, "Njoo! Njoo! Njoo!" na Opereta akakimbia kuifuata ile sauti hatua kumi na tatu, kisha akajirusha hewani. Ndiyo maana asiyeona akiruka, uwanja mzima hunyamaza. Kelele ikiingia, ni sawa na kumwondolea mtu ngazi akiwa katikati.

Hana ubao mwembamba wa kukanyaga kama wanaoona. Mbele ya mchanga hutandazwa chini kisanduku cha chokaa chenye urefu wa mita moja, nyeupe, laini, iliyosawazishwa. Anakanyaga popote ndani yake. Dole gumba linaacha alama, na mwamuzi anapima kutoka kwenye alama hiyo hadi alipotua. Alama ikipotea, mruko umepotea. Ni kanuni ambayo mtoto wa chekechea angeielewa, ila mashindano hayakuandaliwa na watoto wa chekechea.

Yaliandaliwa na chama, na chama kilikuwa na mwenyekiti. Sifa yake ya kuongoza watu wenye ulemavu ni kwamba aliwahi kuvunjika mguu na kutembelea magongo wiki sita, na tangu hapo hakuna hotuba ambayo mguu ule haukuingia. Yeye ndiye aliyetangaza kuwa mwaka huu ungekuwa wa mwisho kwa waliozidi miaka thelathini na mitano. Atakayeruka mita nne na sentimita ishirini ataingia kwenye timu itakayokwenda kushindana nje. Asiyefika, asahau. Opereta mazoezini alishafika nne na ishirini na tano mara mbili, na kila mara wifi alipima mara tatu kwa futi lake kwa sababu hakuyaamini macho yake.

Siku yenyewe mambo yalitakiwa kuanza saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa sita. Katikati hapo wanariadha walipikwa na jua huku wakubwa wakijipepea kwa ratiba. Jukwaa la washindi lilikuwa na ngazi tatu na halikuwa na njia ya mteremko, kwa hiyo washindi wa mbio za viti vya magurudumu walibebwa juujuu kama magunia, wakipigiwa makofi kwa kuvumilia kubebwa. Vyeti vya wasioona viliandikwa kwa wino wa dhahabu. Wifi aliposimulia hayo, Opereta alicheka hadi akaombwa anyamaze, maana mgeni rasmi alikuwa anaanza kuhutubia.

"Hawa wenzetu ni mashujaa!" alinguruma mgeni rasmi, sauti nene iliyotoka puani. "Mimi nikiwaona, machozi yananitoka!"

"Yamemtoka?" Opereta aliuliza.

"Anafuta jasho," alisema wifi.

Kilemba cha ukoka hicho, na Opereta alishavishwa vingi. Hakuhitaji kuitwa shujaa. Alihitaji mtu mwenye akili timamu ashike upande wa pili wa utepe wa kupimia.

Wakaanza. Warukaji walifungwa vitambaa vyeusi machoni, wasioona kabisa pamoja na wanaoona mwanga kidogo, ili wote wawe sawa. Mruko wa kwanza na wa pili wa Opereta ilikuwa ya kupasha mwili. Wa tatu aliruka bendi ya matarumbeta ikilipuka kumsindikiza mgeni rasmi kwenda msalani, akaishia pembeni ya mchanga na goti limechubuka. Wa nne alipata nne na sifuri mbili. Wa tano, nne na kumi na nne. Ukabaki mmoja.

Alisimama mwisho wa njia akipangusa nyayo zake. Alipenda kuruka pekupeku. Wifi akaita. Uwanja ulinyamaza kweli safari hii, hata bendi, na Opereta akakimbia. Alijua kabla ya kutua. Mtu aliyeruka vizuri hahitaji kuambiwa. Miguu ilizama mchangani mbali kabisa, mahali ambapo mchanga ulikuwa bado haujachimbuliwa na mtu siku hiyo, na akasikia bendera ya mwamuzi ikipanda, na wifi akipiga yowe.

"Umekanyaga nyuma kabisa! Dole limekaa nyuma! Hii imepita, wifi, imepita kwa mbali!"

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mgeni huyu alikuja. Aliona mwanamke ameinuka mchangani, kitambaa machoni, mchanga mapajani, na aliona mpiga picha yuko tayari. Akakata moja kwa moja kutoka kivulini, mwenyekiti na wapambe nyuma yake, akapitia kwenye kisanduku cha chokaa, akasimama humo humo kama mtu aliyefika kwenye zulia lake, na kumnyooshea mkono. "Njoo, shujaa wangu, tupige picha!" Wapambe walisawazisha kilichobaki kwa soli zao. Picha ikapigwa. Mgeni rasmi akasema ana njaa, na msafara ukaelekea hemani kula.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa michezo aliyeazimwa kutoka shule ya jirani, mtu mpole asiyetaka matatizo, na watu wapole wasiotaka matatizo ndio wanaoyazaa. Aliinama juu ya chokaa. Palikuwa na vumbi lililovurugwa, na alama moja tu iliyosalia kamili. Akaweka utepe hapo.

"Unapima wapi?" wifi aliuliza.

"Kwenye alama."

"Hiyo ni soli ya kiatu! Huyu mwenzangu ana kiatu? Mtazame miguu!"

"Dada, mimi napima ninachokiona."

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema Opereta akijifungua kitambaa, "ila wewe naona itabidi uambiwe."

Mwalimu alipima hivyo hivyo. Kiatu kilikuwa mbele ya dole lake kwa zaidi ya shibiri, karibu zaidi na mchanga, na shibiri hiyo yote ikakatwa kwake. Mita nne na sentimita tisa. Ikaandikwa kwa kalamu ya wino. Wifi, kwa hasira na kwa mazoea, alivua futi shingoni akakipima kiatu cha mgeni rasmi pale kwenye chokaa.

"Namba arobaini na nne, kama ya kaka yako," alisema. "Na kisigino cha kulia kimelika upande. Mheshimiwa mzima!"

Walikwenda hemani, Opereta ameshika bega la wifi. Mwenyekiti aliwatoa nje haraka, mdomo umejaa, asije mgeni akasikia. Alisikiliza. Alikiri kwamba ndiyo, naye aliliona lile dole. Kanuni inaruhusu mruko wa kurudia, ilimradi fomu ya pingamizi ijazwe ndani ya nusu saa na mwanariadha aisaini. Akatoa fomu. Penye neno "sababu" aliandika haraka na kuisoma kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: "Alama ilifutwa na upepo."

"Upepo?" alisema Opereta.

"Dada yangu, funika kombe mwanaharamu apite. Saini, uruke tena sasa hivi. Unataka nini zaidi?"

"Tangu asubuhi nimekaa chini ya bendera kumi na mbili. Sijasikia hata moja ikipiga."

"Ni neno tu!"

Wifi alimfinya mkono. "Saini. Upepo, mvua, nyuki, saini tu! Utagombana nao ukishapanda ndege."

Ulikuwa ushauri mzuri, na mwenye busara angeufuata. Opereta aliishika ile kalamu mkononi. Mapaja yake yalikuwa bado ya moto, ule mruko ulikuwa bado uko ndani yake, na alijua anaweza kuurudia. Aliitaka ile safari. Aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, kuliko hata macho, ambayo alishazoea kutokuwa nayo. Na hapo hapo alisikia mwenyekiti akivuta pumzi, ile pumzi fupi ya puani anayoijua, na kinyaa kikampanda.

"Kazini nasema uongo wenu kutwa," alisema. "Hayupo, yuko kikaoni, ametoka. Ni uongo wenu, mimi napitisha tu. Huku kwenye mchanga sijawahi kumsemea mtu, na sitaanza leo. Andika mgeni rasmi amekanyaga, na mimi nasaini sasa hivi, hata kwa dole hilo hilo."

"Unataka nifukuzwe?"

"Nataka kupimwa."

Mwenyekiti alieleza. Alisihi. Alirudi kwenye mguu wake uliovunjika na jinsi ulivyomfundisha subira. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akimwambia yeye ni kioo cha wanawake wote. Nusu saa ikaisha anaeleza, akatazama saa yake na kuikunja fomu kwa masikitiko ambayo hayakumzuia kurudi kwenye sahani yake.

Usidhani Opereta aliondoka kifua mbele. Alikwenda bombani kuosha mchanga na akalia hapo, kilio kibaya cha hasira, makamasi na yote, akipiga ukuta kwa kiganja. Alimchukia mgeni rasmi, alimchukia mwalimu mpole, na kwa muda alijichukia mwenyewe kwa kuwa na shingo ngumu. Wifi alisimama nyuma yake ameshika viatu. Walipofika mlangoni ndipo wifi aliposema, "Ungesaini."

"Najua," alisema Opereta.

Ijumaa orodha ya timu ilitoka, na haikuwa na jina lake. Picha nayo ilitoka gazetini. Wifi alimsomea maelezo yake: mgeni rasmi akimpongeza mshiriki. Miguu, alisema, imekatwa na fremu.

Jumatatu asubuhi daktari mkuu alipiga kutoka juu. Kuna mheshimiwa mmoja anamsumbua juu ya kitanda cha ndugu yake, akipiga aambiwe daktari hayupo. Opereta akasema sawa. Haikupita saa, simu ya nje ikalia, na ndani yake ikatoka sauti nene ya puani.

"Nipe daktari mkuu."

"Nani mwenzangu?"

"Ala! Unajua unaongea na nani?"

Opereta aliweka kidole kwenye kitufe cha ofisi ya daktari mkuu. Miaka kumi na tisa alikuwa amelijibu swali hilo kwa namna moja.

"Najua, mheshimiwa. Viatu namba arobaini na nne, kisigino cha kulia kimelika upande. Daktari yupo ofisini kwake. Ameniambia nikwambie hayupo."

Akabonyeza kitufe, akawaunganisha.