Mapacha wa Ofisi ya Nyasubi

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika maji ya chai, Doto Maige aliketi mbele ya kompyuta kubwa ya ofisi akaisikiliza ikinguruma. Ulikuwa mwaka 1999, katika kampuni ndogo ya utafiti wa madini pale Nyasubi, Kahama, na ndani ya mashine ile mlikuwa na miaka mitatu ya vipimo vya udongo na mawe kutoka porini. Vilikaa kwenye diski mbili. Programu ilihakikisha kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Kwenye kioo zilitokea herufi mbili za U, bega kwa bega, maana yake diski zote nzima. Doto alizipa majina, Kulwa na Doto, na akiziona alitulia kama mtu anayesikia pumzi za mwenziwe kitandani.

Yeye mwenyewe alizaliwa pacha. Kulwa wake alifariki wakiwa na miaka minne, lakini mama yao kule Samuye hakuacha kununua kila kitu viwili. Pasaka ya mwaka ule mama alipotoa vitambaa viwili vya gauni, Doto alichoka, akamwambia vya marehemu basi, anajisumbua bure. Mama alikikunja kile cha pili, akakirudisha sandukuni.

Jumanne moja U ya kwanza haikuwepo. Mahali pake palibaki kistari. Kazi ziliendelea kama kawaida, hakuna aliyeshtuka. Ila Doto alijua diski moja imekufa. Tepu za akiba zilishaliwa na vumbi, kwa hiyo diski iliyobaki ikifa, miaka mitatu imekwenda na maji. Alimpigia simu Umesh, muuza kompyuta wa Mwanza, na mdomo ukasema wenyewe: atume diski mbili. Cornel, mkuu wa ofisi, alimshangaa. Iliyokufa ni moja, ya pili ya nini? Doto alisema tu kwao ndivyo walivyozoea kununua.

Diski zilifika Alhamisi kwa basi, barabara imezitikisa vya kutosha. Ya kwanza ilikataa kuzunguka kabisa. Ya pili ilikubali. Kutwa nzima alitazama vipimo vikinakiliwa humo, asilimia zikipanda polepole, jua likitambaa sakafuni, mpaka U mbili zikakaa tena pamoja. Kesho yake asubuhi ile diski kuukuu iliyobaki ikafa, lakini kila kitu kilikuwa tayari kwenye mpya.

Cornel alikuja nyuma ya kiti cha Doto. "Ulijuaje, dada Doto?"

"Sikujua. Anayejua ni mama yangu."

Jumamosi alikwenda Samuye. Alimkuta mama uani anaanika karanga, akamwamkia, akakaa naye kwenye mkeka, wakachambua pamoja.

"Mayu," alimwita mama yake, "kile kitambaa cha Kulwa bado kipo?"

Mama aliingia ndani, akatoka na gauni lililokwisha kushonwa.

"Nilimpa fundi kipimo chako," alisema. "Kulwa angekuwa sawa na wewe."

Doto alilivaa palepale juu ya nguo zake, akalia.