Udongo Wenye Njaa

Serikali mpya ilipoapishwa, ilimtuma mgeni rasmi azunguke huku kwetu kusikiliza changamoto na fursa. Sisi wa Pito, hapa Sumbawanga, tulikuwa na changamoto moja iliyotukaba: mbolea ya ruzuku haijafika, na mawingu yameshaanza kujikusanya. Mama alikuwa amemaliza kulima, mbegu iko ndani, anasubiri mbolea tu apande.

Mwenyekiti wa mtaa akaniteua kuandika risala. "Si wewe mwandishi wa vitabu?"

Vitabu vyenyewe kilikuwa kimoja, tena hakijachapwa. Nilikubali kwa uso wa mtu aliyechoka kuombwa.

Neno "mbolea" niliona halina mbawa, linanuka ghala. Nikalifuta kila lilipojitokeza.

Siku ya mkutano alitangulia mkulima kutoka Mtowisa. "Barabara mbovu, mpunga unaozea njiani. Tunaomba barabara." Akakaa. Nilimhurumia kwa kukosa sanaa.

Kisha nikasimama mimi, upepo ukinipokonya karatasi, nikasoma kwa sauti niliyoifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe: "Mheshimiwa, udongo wetu una njaa! Umepanua kinywa chake, unaomba tonge kabla ya mvua ya kwanza!" Nikanyamaza kidogo, kuwapa watu nafasi ya kulia.

Hakulia mtu. Mgeni rasmi alishika kipaza sauti kwa huzuni. "Nimeguswa. Sikujua huku kuna njaa. Nitaagiza mahindi ya msaada yaletwe haraka."

Mahindi! Yaletwe Sumbawanga!

Mzee mmoja alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Yatoke wapi, mheshimiwa? Si ndiyo hayo tuliyowauzia juzi?"

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Kijana, umetuombea sadaka ya mahindi yetu wenyewe."

Ndipo Mama akasimama, akakaza kitenge kiunoni. "Mheshimiwa, umsamehe mwanangu, amesoma sana. Anataka kusema mbolea. Ya kupandia. Mvua hiyo inakuja."

"Mbolea!" mkutano mzima ukaitikia.

"Kumbe mbolea!" mgeni akashangaa. "Sasa mbona hakusema?" Akamgeukia msaidizi wake, naye akapiga simu palepale.

Lori lilifika pamoja na manyunyu ya kwanza. Mama hakunigombeza. Alinikabidhi kizibo cha soda cha kupimia na ndoo ya mbolea, akanionyesha mstari wa mashimo unaokwenda hadi kwenye miti ya jirani. Kila nilipotaka kunyoosha mgongo, sauti yake ilinifikia kutoka nyuma, tamu kabisa:

"Ulishe, mwanangu. Si una njaa huo?"